Tovuti ya Duka Dogo: Mteja wa Mbali Ajue Nini Kabla ya Kukutumia Pesa

Wengi wenu mnaosoma hapa mko na till tayari. Mteja anaingia dukani, anashika bidhaa, anaigeuza, anauliza bei, anapunguziwa kidogo, halafu analipa kwa simu na kuondoka na mzigo wake. Hapo hakuna shida. Shida inaanza wakati mteja yuko Molo au Eldama Ravine na duka lako liko Nakuru mjini. Huyu hajakuona, hajashika kitu chochote, na unamwambia atume elfu tatu kwanza. Anajiuliza swali moja tu: nikituma, mzigo utafika kweli?

Somo la leo ni la kutengeneza tovuti, lakini sitaanza na rangi wala logo. Kwa maoni yangu, tovuti ya biashara ndogo iko na kazi moja kubwa, nayo ni kumjibu huyo mteja wa mbali mpaka awe tayari kulipa bila wasiwasi. Kila kitu kingine kinafuata baadaye.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Lakini hata kabla ya hapo, watu wa Njoro, Elburgon, Molo, Subukia, Gilgil na hata Mogotio kule Baringo walikuwa wanakuja hapa kununua vitu wasivyopata kwao. Siku hizi wengi hawataki kupanda matatu kwa sababu ya sweta moja. Wanatafuta kwa simu kwanza. Wakikosa jibu kwako, watalipata kwa mwingine.

Najua kuna mtu atauliza, si niko na Facebook na TikTok tayari? Endelea nazo, ndizo zinakuletea watu. Lakini posti ya wiki iliyopita imezama, na mteja hawezi kuifukua ili ajue kama unatuma mizigo Olenguruone. Majibu yanahitaji mahali pa kukaa.

Tutatumia mfano wa duka la sare za shule. Nimelichagua kwa sababu lina kila kitu kinachosumbua: saizi, rangi tofauti za shule, msimu wa Januari ambapo kila mzazi anataka sweta siku moja, na wateja wengi walio mbali. Duka lenyewe ni la kubuni na bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Fungua WhatsApp yako kwanza

Kabla hujamlipa fundi wa tovuti hata shilingi moja, kaa chini na daftari. Fungua WhatsApp ya biashara na utafute mazungumzo thelathini ya mwisho na watu ambao hawajawahi kununua kwako. Wateja wa zamani waache kando, hao wanakujua. Kwa kila mmoja andika vitu viwili: swali lake la kwanza, vile alivyoliuliza yeye mwenyewe, na mahali mazungumzo yalipokatikia.

Kwa duka la sare, upande wa maswali utakuwa na vitu kama hivi: "Mko na sweta ya shule fulani?" "Saizi 28 ni pesa ngapi?" "Mko wapi hapo town?" "Mnatuma Molo?" "Nitajuaje saizi ya mtoto?" "Nalipa sasa ama mzigo ukifika?"

Hayo sita ndiyo tovuti yako. Mpangilio wake pia umeshaupata: swali linaloulizwa mara nyingi zaidi linakaa juu kabisa.

Upande wa pili wa daftari ndio wengi huruka, na mimi naona ndio una thamani zaidi. Ukikuta watu walinyamaza mara tu waliposikia bei, labda bei ni ya juu kwao, au hawakuelezwa kitambaa ni cha aina gani. Lakini ukikuta walikubali bei, wakachagua saizi, halafu wakapotea ulipowaambia walipe, hao bei haikuwasumbua. Waliogopa. Hapo hata ukishusha bei kwa bob hamsini hutawarudisha.

Ukurasa wa mbele

Weka bei. Tafadhali, weka bei. "Bei njoo inbox" inamwambia mteja kwamba utamwangalia kwanza kabla ya kumtajia. Wenye maduka husema wanaogopa washindani. Mshindani wako anajua bei yako tangu zamani; alimtuma mtu dukani kwako akaulize. Anayebaki gizani ni mteja tu. Kama bei inabadilika kulingana na saizi, andika "Ksh 850 hadi 1,300", kisha weka jedwali la saizi zote chini yake.

Mtu akifungua tovuti kwa simu anaona sehemu ndogo tu kabla ya kusogeza kidole. Sehemu hiyo itumie hivi:

"Sweta za shule, saizi 22 hadi 40, Ksh 850 hadi 1,300. Tuko Nakuru mjini. Tunatuma kwa matatu hadi Njoro, Molo, Elburgon, Gilgil na Naivasha. Tuandikie WhatsApp au piga simu."

Hapo chini vitufe viwili, kimoja cha WhatsApp na kimoja cha kupiga simu. Mwambie fundi vitufe hivyo vifanye kazi vikibonyezwa. Mteja asilazimike kunakili nambari kwenye karatasi. Kiungo cha WhatsApp huanza na wa.me/254 kisha nambari yako bila ile sufuri ya mwanzo. Nimeona tovuti zikiwa na sufuri hiyo, na kitufe hakifungui kitu. Mwenye duka anashangaa mbona haandikiwi.

Zile picha kubwa tatu zinazojipitisha zenyewe, pamoja na "Karibu kwenye tovuti yetu", zinakula nafasi yote hiyo na hazijibu swali hata moja kati ya yale sita.

Mahali ulipo paeleze kama unavyomwelekeza mtu kwa simu: jina la jengo, liko mkabala na nini, ghorofa ya ngapi, ukipanda ngazi ni mlango wa ngapi. Mzazi anayeshuka steji na watoto wawili hana haja na sanduku la posta. Ongeza kiungo cha Google Maps, na usajili duka kwenye Google Business Profile pia, ni bure. Saa za kazi andika "8am–6pm". Ukiandika "saa 2", wengine watasoma kwa Kiswahili na wengine kwa Kiingereza, na kuna mtu atakuja saa nane mchana akidhani ndio unafungua.

Lugha je? Tumia ile ambayo wateja wanakuandikia. Kama meseji thelathini ulizosoma ishirini na tano ni za Kiswahili, usijaze tovuti Kiingereza cha kampuni kubwa.

Kuhusu saizi, njia rahisi ni kumwambia mzazi atumie sweta ya zamani ya mtoto. Ailaze mezani, apime kwa inchi kutoka kwapa hadi kwapa, azidishe kwa mbili, kisha aangalie jedwali lako. Weka picha moja inayoonyesha tepu imelala juu ya sweta. Picha hiyo itakupunguzia mizigo inayorudishwa kuliko maneno mia moja.

Ukurasa wa malipo

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mteja anaamua.

Wakenya tumetumia M-Pesa tangu mwaka 2007, na kulipa dukani kwa Lipa na M-Pesa kulianza 2013. Kwa hivyo hakuna haja ya kumfundisha mtu jinsi ya kutuma pesa. Lakini kwa miaka hiyo yote watu wameona pia meseji za matapeli, simu za "nimetuma kimakosa nirudishie", na maduka ya mtandaoni yanayopokea pesa na kuzima simu. Mteja wako anakuja na kumbukumbu hizo zote.

Anza na jina. Mteja akilipa kwa till, jina analoliona ni lile ulilosajili. Kama duka linaitwa hivi na till imesajiliwa kwa jina la mume, au la biashara ya zamani ya kuuza viatu, mteja akiona jina lingine anashtuka. Wengine wanaghairi hapo hapo, wengine wanalipa halafu wanakupigia wakiwa na hasira. Dawa bora ni kubadilisha jina la till lifanane na la duka. Kabla hilo halijafanyika, andika wazi kwenye tovuti, karibu kabisa na nambari ya till: "Ukilipa utaona jina hili." Mtu akiambiwa mapema hashtuki.

Nambari yenyewe iwe maandishi, isiwe ndani ya picha. Maandishi mteja anaweza kuyanakili na kuyabandika. Kwenye picha anasoma tarakimu moja moja, na akikosea moja pesa zinaenda kwa mwingine. Kama unatumia paybill, sema pia nambari ya akaunti iwe nini. Usiandike "account: your name" ukadhani kila mtu ameelewa. Sema: "Kwenye akaunti andika nambari ya simu uliyoagizia."

Kisha andika sentensi moja ya ulinzi: "Malipo yetu yote ni kupitia till hii. Hatutakuomba utume kwa nambari ya mtu binafsi." Ukishaiandika, itii. Siku till ikisumbua usimwambie mteja "tuma tu kwa hii yangu", kwa sababu umemfundisha kumwamini tapeli atakayekuja kesho kwa jina lako.

Sasa kuna njia mbili za kulipia kwenye tovuti. Ya kwanza ni mteja kuingiza till mwenyewe kwenye simu. Ya pili ni ile STK, ambapo anabonyeza "Lipa" na simu yake inajitokeza na ombi la PIN. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, fundi anayejua kazi anaweza kuunganisha tovuti na malipo moja kwa moja, na kampuni za malipo kama yetu pia hukusaidia na hilo. Je, unaihitaji? Kama unapata oda nne kwa siku, mimi ningesema bado. Till iliyoandikwa vizuri na mtu anayejibu WhatsApp haraka inatosha. Oda zikifika kiasi kwamba jioni unakaa kulinganisha malipo na majina mpaka usiku, hapo STK inajilipa.

Ukiiweka, fikiria mteja wa Elburgon ambaye mtandao umemkatikia katikati. Amebonyeza, hakuna kilichojitokeza. Anabonyeza tena. Sasa anaogopa amekatwa mara mbili. Ukurasa useme: "Kama hukuona ombi la PIN, angalia meseji zako kwanza kabla ya kubonyeza tena. Ukiwa umekatwa, tutumie nambari ya muamala." Nambari hiyo ni zile herufi na tarakimu kumi zinazoanza meseji ya M-Pesa.

PIN huwekwa kwenye lile ombi la simu pekee. Tovuti yako isiwe na kisanduku cha kuandika PIN mahali popote, hata kama fundi anasema itarahisisha. Fundi akisema hivyo, tafuta mwingine.

Na wewe pia jilinde. Skrinshoti ya meseji si malipo. Mtu anaweza kuitengeneza kwa dakika tano. Kabla ya kufunga mzigo, angalia pesa kwenye till yako mwenyewe. Andika hivyo kwenye tovuti kwa heshima, "Tunathibitisha malipo kwanza, kisha tunafunga mzigo", ili mteja asione umemshuku yeye binafsi.

Jambo la mwisho hapa wengi hawalifikirii. Mtu akiingia kwenye tovuti yako kwa siri, hahitaji kuiharibu. Anabadilisha tarakimu za till tu, na wateja wako wanaendelea kulipa vizuri, kwake. Kwa hivyo nywila isiwe jina la duka na mwaka, washa uthibitisho wa hatua mbili, na kila Jumatatu asubuhi fungua tovuti kama mteja, usome ile till tarakimu kwa tarakimu.

Mzigo unafika vipi

Hapa kwetu mizigo midogo hupanda matatu. Eleza kama mzazi hajawahi kufanya hivyo: oda iliyolipwa kabla ya saa fulani inaondoka siku hiyo hiyo, mzigo unapelekwa kwenye ofisi ya sacco, unatumiwa picha ya risiti na nambari ya gari, unauchukua steji ya kwenu ukiwa na kitambulisho. Nauli ya mzigo analipa nani, na ni kama pesa ngapi hadi Gilgil au hadi Molo? Taja. Nauli inayojitokeza baada ya malipo inaudhi kuliko bei yenyewe.

Sweta ikikataa kumtoshea mtoto inakuwaje? Amua sasa: siku saba, haijafuliwa, nauli ya kurudisha ni ya mteja kama alikosea saizi na ni yako kama wewe ndiye uliyekosea. Sheria ya kulinda wanunuzi ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi maelezo ya anachonunua, na nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla ya makubaliano. Kwa duka dogo hiyo ni skrini moja tu ya kuhakikisha: sweta mbili, saizi 28, rangi ya kijani, jumla na nauli, zinatumwa Njoro. Sawa?

Na kwa yule ambaye bado anaogopa, weka njia ya tatu: achague kwenye tovuti, umwekee mpaka Jumamosi, alipe akija dukani. Atakayekuja akakuta sweta imewekwa kama ulivyosema, safari ya pili atatuma pesa akiwa nyumbani.

Picha

Picha moja kutoka simu nzuri inaweza kuwa megabaiti 4. Ukiweka kumi na mbili hivyo hivyo, ukurasa una megabaiti 48, na mteja aliyenunua bando la bob ishirini ameumia kabla hajaona sweta. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, zote kumi na mbili ni kama megabaiti 1.2, na kwa skrini ya simu tofauti haionekani. Programu za kupunguza picha ziko nyingi za bure. Google pia wana PageSpeed Insights, unaweka anwani ya tovuti na inakuonyesha kinachochelewesha. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini wewe mwitishe matokeo.

Piga picha nje, mchana, kwenye kivuli. Rangi ya sare ni kila kitu. Maruni ikionekana kama nyekundu, mzigo utarudi.

Usitumie picha za watoto wa watu. Najua mtoto aliyevaa sare mpya anapendeza, na mzazi alikutumia picha kwa furaha, lakini hakukuruhusu uitangaze. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza shule moja Nairobi faini ya Ksh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tandaza sweta mezani. Na kwenye fomu ya oda uliza jina, simu, saizi na mahali pa kutuma. Nambari ya kitambulisho huihitaji, wala tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

Tovuti iwe yako

Anwani zinazoisha na .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wao. Kwa biashara, .co.ke ndiyo watu wamezoea. Inunue wewe, kwa jina lako, kwa barua pepe yako, kwa malipo yako. Fundi akiinunua kwa jina lake kisha apate kazi Dubai, siku ya kulipia mwaka unaofuata utamtafuta usimpate, na anwani uliyochapisha kwenye mifuko ya karatasi yote itakuwa imekufa. Andika tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya dukani, kwa kalamu nyekundu.

Jaribu kabla ya Januari

Usingoje wiki ya kufungua shule. Mwezi wa Novemba tafuta mtu ambaye hajui duka lako, afadhali mzazi, mwenye simu ya kawaida na si yako ya bei. Mpe kazi nne: ajue bei ya sweta saizi 30, ajue duka liko wapi, ajue nauli ya mzigo hadi kwao, na afike mahali pa kulipa. Kaa kando yake na daftari, unyamaze. Akikuuliza "sasa nibonyeze wapi?", usimjibu. Andika alipokwama, na jioni mpigie fundi.